Fisi Kwenye Hukumu ya Tumbili

Uliwahi kuwepo mwaka ambao mvua ilisusa kabisa, mpaka vyura wakasahau kuogelea. Mto ulikauka, madimbwi yakakauka, na hata umande wa asubuhi, ambao fukara na tajiri huupata bure, nao ukaadimika. Pande zile maji yalibaki mahali pamoja tu: kijichemchemi kilichotoka chini ya mizizi ya mkuyu mmoja mkubwa, katikati ya bonde. Juu ya mkuyu huo walikaa tumbili. Chini yake, mwaka huo, walihamia wanyama wengine wote.

Simba alihamia pia, ingawa yeye hakusema amehama. Alisema amekuja kukagua. Alipanda juu ya jiwe, akatikisa manyoya ya shingo, akatangaza sheria.

"Mpaka mvua inyeshe, hakuna kumla jirani. Kila mmoja atachimba viazi mwitu na mizizi. Na atakayeiba chakula cha mwenzake katika shida hii, atatoka bondeni yeye na nyumba yake yote kabla jua halijatua!"

"Na wewe, Mfalme, utakula nini?" aliuliza Nguruwe.

"Mimi nitashiba heshima," alijibu Simba.

Wanyama walishangilia. Jioni ile ile, nyuma ya jiwe, heshima hiyo ilisikika ikitafunwa kru, kru, kru, lakini nani angethubutu kwenda kuchungulia?

Humo bondeni alikuwemo Fisi na mkewe Chausiku na watoto wao ambao bado walikuwa wachanga. Fisi alikuwa mlafi. Hasingiziwi, mwenyewe alikuwa akikiri mchana kweupe. Kiazi kikiondolewa juu ya jiwe, alilamba jiwe. Kwenye karamu walimwalika mwisho, na bado alifika wa kwanza. Hata akiota ndoto njema, Chausiku alilazimika kumwamsha, kwa sababu alikuwa anatafuna mkia wake mwenyewe.

Alikuwemo pia Sungura, ambaye werevu wake haukuwa na likizo. Siku ya pili tu baada ya sheria kutangazwa, alimwendea Fisi akamshika bega kama ndugu wa tumbo moja.

"Kaka," alisema, "ardhi imekuwa ngumu. Mimi vikono vyangu hivi ni vya kushikia ua, si vya kuvunjia udongo. Wewe una makucha. Lakini kichwa chako kikubwa hicho hakipiti kwenye nyufa viliko viazi, na changu kinapita. Tufanye ubia."

"Ubia wa namna gani?"

"Leo tuchimbe upande wako, kesho upande wangu. Wewe utavunja udongo, mimi nitaingia nivitoe. Atakayechimbiwa, viazi ni vyake, lakini ampe mwenzake nusu. Nipe nikupe. Ndivyo walivyoishi babu zetu."

Babu wa Sungura na babu wa Fisi hawakuwahi kuishi hivyo hata siku moja, lakini Fisi alikwisha kusikia neno "viazi" na hakusikia jingine tena.

Siku hiyo walichimba upande wa Fisi. Udongo ulikuwa mgumu kama kigae. Fisi alikwangua mpaka kucha zikaota moto, Sungura akapenya kwenye ufa, akatoka na viazi vya kutosha, vinene, vyenye ganda jekundu. Fisi alivipanga mafungu mawili. La kwanza lilikwisha kabla Sungura hajajifuta vumbi. Kisha Fisi akalitazama fungu la pili, na mate yakamdondoka mpaka pale chini pakawa na kitope. Unyevu mwingine bondeni ulikuwa kwenye chemchemi tu.

Alifanya nini? Alifumba macho. Aligeuza uso upande wa pili, akalisukuma lile fungu kwa mguu, akapiga kelele: "Chukua, ndugu yangu, chukua upesi kabla sijafumbua!"

Sungura alichukua. Kule juu ya mkuyu, tumbili walicheka mpaka mmoja akateleza tawini.

Kesho yake wakachimba upande wa Sungura. Viazi vilitoka vingi kuliko jana. Fisi akakaa kitako, ulimi nje, akingoja nusu yake. Sungura akavikusanya vyote, akavitia shimoni mwake, kwenye nyumba yake ya chini kwa chini yenye mlango mwembamba.

"Nusu yangu?" aliuliza Fisi.

"Kaka, viazi hivi bado vichanga. Vikikaa kidogo vinazidi utamu. Wahenga walisema, mstahimilivu hula mbivu."

Fisi alirudi nyumbani. Chausiku alikuwa amekwisha kuwaweka watoto mkao wa kula.

"Umepata nini leo, baba watoto?"

"Methali," alijibu Fisi.

Mambo yakaendelea hivyo. Zamu ya Fisi ikifika, Fisi alikula nusu, akafumba macho, akatoa nusu. Zamu ya Sungura ikifika, Sungura aliingiza vyote shimoni na Fisi akapewa usemi. Akiuliza lini, aliambiwa haraka haraka haina baraka. Akiuliza kwa nini visigawanywe hata kidogo, aliambiwa haba na haba hujaza kibaba. Siku moja Fisi alijitahidi akalia machozi, Sungura naye akatoa machozi mengi zaidi, akamwambia baada ya dhiki faraja. Fisi akajikuta anambembeleza Sungura.

"Leo tena?" aliuliza Chausiku jioni hiyo.

"Leo nimepewa ile ya dhiki na faraja."

"Sasa niipike na nini, mume wangu? Niikaange au niichemshe?"

Fisi aliwatazama watoto wake walivyokuwa wakilamba jiwe kama baba yao, na kwa mara ya kwanza moyo ulimuuma mahali pa tumbo.

Muda wote huo tumbili walikuwa juu, wakichambuana chawa. Nani alikuwa anawajali tumbili? Wanyama wa chini waliwaona ni watu wa kelele na masihara. Kutwa wanakaa wawili wawili, mmoja kalala kifudifudi, mwenzake anampekua mgongo, kisha wanabadilishana. Anayepekuliwa leo asipompekua mwenzake, kesho mgongo wake unabaki na chawa wake. Ndiyo kazi yao, na ndiyo burudani yao. Kati ya chawa mmoja na mwingine, wanatazama chini.

Asubuhi moja Chausiku alimwambia mumewe, "Nenda ukadai haki yako. Na ukija na methali, usiingie humu ndani."

Fisi akaenda. Alipofika kwenye shimo la Sungura alibisha hodi kwa adabu. Kimya. Akabisha tena. Kimya. Ila harufu! Harufu ya viazi vilivyorundikana ilitoka mlangoni ikamshika pua ikamvuta. Fisi alisema moyoni atachungulia tu. Akaingiza pua. Akaingiza macho. Akasukuma kidogo aone vizuri, na masikio nayo yakaingia. Alipotaka kurudi, masikio yakakataa. Kichwa cha Fisi kikabaki ndani ya nyumba ya Sungura, na Fisi aliyebaki, sehemu kubwa, ya kutosha kabisa kuonekana na kila mtu, akabaki nje akipiga teke hewa.

Sungura alikuwemo. Alikiangalia kile kichwa kilichojaa mlangoni mwake, akakipungia mkono, kisha akatokea mlango wa nyuma na kukimbia moja kwa moja hadi kwenye jiwe la Simba.

"Mwizi! Mfalme, nimevamiwa! Fisi anavunja nyumba yangu! Jasho langu la msimu mzima, Mfalme, linaliwa!"

Wanyama wakaja mbio. Wakakuta makalio ya Fisi yakitazama mbinguni. Ilibidi Nguruwe na Pundamilia wamvute kwa mkia ndipo kichwa kikatoka, po, kama kizibo cha kibuyu. Alikuwa na udongo mdomoni na ganda la kiazi puani.

"Mnaona?" alisema Sungura kwa sauti ya yatima. "Mdomoni bado anacho!"

Simba hakupenda kesi za viazi. Alitamani kesi za vita, za mipaka, za heshima. Alipiga miayo, akasema, "Fisi, jitetee kwa ufupi."

"Mfalme, nilikwenda kudai nusu yangu."

"Ulipoingiza kichwa, ulitaka kula viazi?"

Fisi alifikiri. Kusema uongo hakukumjia upesi, kwa sababu tumbo lake ndilo lililokuwa likijibu. "Ndiyo," alisema.

"Nusu yako tu?"

"Vyote," alisema Fisi. "Hata sasa navitaka."

Wanyama wakaguna. Chausiku akajishika kichwa. Sungura naye alipopewa nafasi, alisema mpaka mawe yakasikitika. Alieleza alivyovunja udongo kwa vikono vile vile vya kushikia ua. Alieleza alivyomlisha Fisi kwa huruma, na huruma ikamponza. Alimaliza kwa kusema fadhila za punda ni mateke, na Pundamilia, ingawa alihisi ameguswa kidogo, akalia.

"Basi," alisema Simba, "sheria ni sheria. Fisi na nyumba yake..."

"Mfalme!" Chausiku alipiga magoti. Watoto walikuwa wamemng'ang'ania mgongoni. "Kutoka hapa mpaka bonde la pili hakuna hata tone. Hawa hawatafika kokote. Kabla hujatutoa, naomba hukumu ya tumbili. Maji tunayokunywa yanatoka chini ya mti wao. Kila anayekunywa hapa ana haki ya kuiomba."

Ilikuwa desturi ya zamani, na wengi walikuwa wameisahau. Walipogombana wawili, kila mmoja alikaa chini ya mkuyu na kunyoosha mkono wenye chakula. Tumbili walishuka mmoja mmoja. Wakikipokea, hata mmoja wao tu akipokea, mwenye mkono huo ni msafi. Wakikataa wote, amehukumiwa. Hapakuwa na maneno, wala maswali, wala kuapa. Tumbili huamuaje, hakuna mnyama wa chini aliyejua. Wengine walisema ni mizimu, wengine walisema ni kunusa.

Simba aliona hiyo ni njia nzuri ya kurudi kulala. "Kesho, jua likiwa utosini," alisema.

Sungura alikubali akitabasamu. Alikwisha kupiga hesabu zake. Tumbili ni walaji wa vitamu. Mkono wenye kitamu zaidi ndio utakaoshinda. Zaidi ya hayo, juu ya mti kulikuwa na mzee mmoja aitwaye Kombo, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukataa kitu. Kombo alikuwa amekula gamba la kobe mfu, akala kamba ya ukindu, na inasemekana aliwahi kula kiota ndege akiwa bado anakijenga. Mmoja tu akipokea, yatosha. Na Kombo asipopokea, dunia imekwisha.

Sungura alipotea kutwa. Aliporudi alikuwa amebeba sega la asali, zima, limejaa, linang'aa. Katika mwaka ule wa ukame, alikolipata anajua mwenyewe na nyuki aliowadanganya.

Nyumbani kwa Fisi kulikuwa na kiazi kimoja, cha mwisho, kilichonyauka. Chausiku alimkabidhi mumewe huku amekishika kwa mikono miwili.

"Usikile."

"Nikikila?"

"Tutakula vumbi sisi sote. Mimi, wewe na hawa."

Fisi alimeza mate. Alikuwa anaogopa. Hakumwogopa Simba wala Sungura. Alijiogopa mwenyewe, kwa kuwa alijijua.

Jua lilipofika utosini, bonde zima lilikuwa limekusanyika. Wawili wale waliketi chini ya mkuyu. Mlalamikaji alianza. Sungura alinyoosha mkono wake wenye sega, na harufu ya asali ikapanda tawi kwa tawi.

Tumbili wakashuka. Wa kwanza alikuwa Bi Sijaona, mkubwa wa kundi, mama mtu mzima mwenye uso mweusi na nyusi nyeupe. Alilitazama sega, akamtazama Sungura, akapita. Akafuata mwanawe, akapita. Akaja mwingine, akavuta pumzi ndefu, macho yakamlegea kwa utamu wa ile harufu, akapita huku amejishika pua. Watoto wa tumbili walilia kabisa, machozi yakawatiririka, lakini waliburutana wakapita, wakapanda tena mkuyuni na wenzao.

Sungura alizidi kutabasamu. "Karibuni, ndugu zangu. Msione haya. Karibuni kidogo mlambe."

Asali ilianza kuyeyuka kwa joto. Ikatiririka kiganjani, ikashuka mpaka kwenye kiwiko. Siafu wakaisikia habari hiyo kutoka kichakani, wakaja kwa mstari, wakaupanda mkono wa Sungura. Walianza kumuuma. Sungura hakuweza kuushusha mkono, kwa maana mkono ukishuka kesi imeanguka. Akaendelea kukaribisha wageni huku sikio moja likimtetemeka na jicho moja likimtoka.

Wakati huo wote, Fisi alikuwa amekaa na kiazi chake mbele ya pua. Alijaribu kutazama mawingu, hapakuwa na wingu. Alijaribu kuhesabu milia ya Pundamilia, ikamchanganya. Alijaribu kufikiri kwamba kile si kiazi, ni jiwe, lakini tangu lini Fisi akaogopa kulamba jiwe? Akakilamba. Alipokilamba akajua kwamba yamekwisha. Taya zake hazikumuuliza ruhusa.

"Kru!"

Bonde lote liligeuka. Fisi alikuwa anatafuna.

"Mmemwona!" alipiga kelele Sungura, furaha imemzidi hata maumivu ya siafu. "Amekula ushahidi! Hata leo! Hata hapa, mbele ya Mfalme!"

Chausiku alijifunika uso. Watoto wakaanza kulia bila kujua wanalia nini. Simba akasimama juu ya jiwe, akafungua kinywa kutoa hukumu.

Fisi alimeza. Kiganjani mwake kilikuwa kimebaki kipande, nusu ya kile kiazi, kina alama za meno na mate tele. Kipande kilianza kupanda chenyewe kuelekea kinywani. Fisi alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio, akafumba macho, akageuza uso, akausukuma mkono mbele.

"Chukueni!" alilia. "Chukueni upesi, jamani, kabla sijafumbua!"

Tumbili hawakungoja wa kuwatangulia. Walishuka kwa pamoja, wadogo kwa wakubwa, wakakigombania kile kipande chenye mate ya fisi kana kwamba ni tunda la peponi. Mmoja aliuma, akampa mwingine, naye akauma akampa wa tatu, na mabaki yakalambwa kwenye kiganja cha Fisi mpaka kikang'aa.

Wanyama waliduwaa. Simba alisahau kufunga kinywa.

"Bado Kombo!" alisema Sungura kwa sauti nyembamba. "Mzee Kombo hajapita kwangu!"

Ilikuwa kweli. Mzee Kombo alikuwa anashuka taratibu, tawi kwa tawi, tumbo mbele. Akafika kwa Sungura. Akalitazama sega la asali. Mkono wake, ule mkono ambao haukuwahi kukataa kitu tangu uzaliwe, ulinyooka wenyewe, vidole vikafunguka, ncha ya kidole ikaligusa sega. Hakuna aliyepumua bondeni. Kombo akaukodolea macho mkono wake kana kwamba ni mwanawe mtukutu. Akaurudisha. Akautia chini ya kwapa. Kisha, kwa kuwa alikuwa hauamini hata huko, aliutoa akaukalia.

Waliopokea mkono wa Sungura siku hiyo walikuwa siafu peke yao.

"Uonevu huu!" Sungura aliruka, sega mkononi, siafu mwilini. "Bi Sijaona, nijibu! Mimi nimewakosea nini tumbili? Nimewahi kuchukua tunda lenu? Nimewahi kumtukana mtoto wenu? Sijawadhulumu hata punje moja!"

Bi Sijaona alikuwa amekwisha kukaa, mjukuu mmoja amelala magotini pake, anampekua chawa. Hakuinua kichwa.

"Kweli, mwanangu. Hujatudhulumu," alisema. "Ulikuwa hujatufikia tu."

Wanyama wengine walicheka, wengine wakatazamana. Simba alikunja uso. Hakupenda jambo lipite ambalo yeye hakulielewa.

"Bibi, mlijuaje?" aliuliza. "Fisi ni mlafi, dunia nzima inajua. Amekula hata mbele yangu. Na huyu Sungura ametoa asali nzima."

"Mfalme, sisi hatuna shughuli nyingi kule juu. Tunachambuana, tunatazama chini. Tumemwona Fisi akigawa. Analia, anadondosha mate, anafumba macho, lakini anagawa. Tumemwona Sungura akipokea zamu baada ya zamu, na zamu yake ikifika anatoa semi. Asali ni tamu, hatukatai. Kombo wetu huyo ataumwa wiki nzima kwa kuikosa. Ila mkono ni ule ule. Anayemla mwenzake huku anamwita kaka, sisi atatuita nani?"

"Na mnatazama kila mtu?" aliuliza Simba.

"Kila mtu, Mfalme," alisema Bi Sijaona, akamtoa mjukuu wake chawa, akamtafuna chawa huyo. "Walio mbele ya mawe, na walio nyuma ya mawe."

Simba alikohoa. Alikohoa tena, kwa nguvu zaidi. "Kesi imefungwa!" alinguruma haraka. "Fisi abaki na nyumba yake. Aliyemsingizia atoke yeye, kwa sheria ile ile aliyotaka mwenzake atolewe nayo. Na mtu yeyote asiniulize swali jingine leo!"

Chausiku alimkimbilia mumewe, akamgonga kichwa kwa kichwa kama wafanyavyo fisi, akakaa hapo hapo chini akilia kwa furaha mbele za watu, na hakuona haya.

Jioni Fisi na mkewe walilifukua shimo la Sungura. Viazi vilikuwa vimejaa mpaka darini, vingine vimeota machipukizi. Fisi alivipanga mafungu mawili kama kawaida yake. Nusu ya kwanza akala yeye na watoto, wakanguruma kwa raha. Kisha akafumba macho, akageuza uso, akaisukuma nusu ya pili kwa mguu.

"Chukua, ndugu yangu, chukua upesi!"

"Baba watoto," alisema Chausiku, "mwenyewe ameshaondoka."

Fisi alilitafakari jambo hilo.

Kisha akafumbua macho.

Sungura naye alivuka vilima na sega lake la asali kwapani. Alifika bonde la pili, akawakuta kima juu ya miti. Akapangusa siafu, akatabasamu, akanyoosha mkono: "Karibuni, ndugu zangu, asali safi!" Lakini tumbili wana sauti kali, na kelele za mti mmoja husikika mti wa pili. Kima walimtazama, wakarudi kwenye chawa wao. Akaenda bonde la tatu, akaenda la nne, akiinadi asali yake kwa maneno mazuri zaidi kila alipofika, na hakuna aliyenyoosha hata kidole. Kwa hiyo ukimwona Sungura anakimbia porini hatulii mahali, usidhani ana haraka ya kwenda popote; chema chajiuza, kibaya chajitembeza.